Siku Tulipoonja Maji

Juzi nilikwenda Bondeni kwa mshonaji wangu kuchukua buibui, na kabla hajaniletea nguo akaniletea maji. Bilauri haijafika mdomoni, pua yangu ilikuwa imeshafika: ubani! Maji yaliyotoka kwenye chombo kilichofukizwa, yenye ubaridi wa kiasi, si ule wa friji unaouma meno. Nikayanywa yote kwa pumzi moja, nikaomba tena, na mshonaji akanitazama kwa mshangao. Sikumweleza kitu. Ningemweleza vipi kwamba harufu ile ilikuwa imenirudisha ukumbini kwetu, nina miaka tisa, na kata ya kutekea maji iko mkononi mwangu?

Nyinyi wa rika langu mliokulia Mji wa Kale hamhitaji kuelezwa habari za maji. Mfereji ulikuwa na wakati wake, na wakati huo aliujua mwenyewe aliyeufungua huko mbali. Sisi tulijua kwa sauti tu. Ulianza kukohoa, ukatema upepo, ukatema maji ya kutu, na hapo mtu wa kwanza kusikia alipiga kelele, "Yanakuja! Yanakuja!" na kelele hiyo ikaruka dirisha hata dirisha mpaka mwisho wa kichochoro. Ndoo, madebe, masufuria, hata beseni la kuoshea mtoto, vyote vilipangwa foleni. Sikukuu haikunipa furaha kama ile. Siku ambazo mfereji haukukohoa, tuliogea maji ya kisima, ya chumvi chumvi, na ya kunywa tuliletewa na mkokoteni.

Mwenye maji ya kunywa nyumbani kwetu alikuwa Bibi, mamake Baba. Mama alikuwa na jiko lake, Baba alikuwa na redio yake, na Bibi alikuwa na mtungi wake. Ulikaa pembeni mwa ukumbi wa juu, mahali panapopita upepo, kitako kimezama kidogo kwenye mchanga, mdomoni kawa la ukindu na juu ya kawa kata ya kifuu cha nazi. Kila baada ya siku mbili maji ya mfereji yalichemshwa, yakapoozwa, yakachujwa kwa kitambaa cha melimeli. Kisha ikaja kazi niliyoipenda kuliko zote. Bibi aliupindua mtungi mtupu juu ya chetezo, akatupia punje za ubani kwenye makaa, na moshi ukapanda ukajaa ndani. Alipouinua, ule moshi mweupe ulimwagika kando ya mdomo wa mtungi, naye akamimina maji upesi upesi kabla haujatoka wote.

Sasa nieleweni jinsi kichwa changu kilivyokuwa kikifanya kazi. Ubani ndio uliofukizwa chumbani mtoto alipozaliwa. Ubani ndio uliofukizwa nyumba nzima siku ya Alhamisi, kila kabati na kila pembe, ili mabaya yatoke. Na mwalimu wetu wa sayansi alikuwa ametwambia kwamba ndani ya maji mna vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo humdhuru mtu. Visivyoonekana, tena vyenye kudhuru! Nani nyumbani kwetu asiyejua dawa ya viumbe wa namna hiyo? Mimi nikaona nimeshaelewa kila kitu. Moshi ndio uliokuwa ukivifukuza vijidudu, na Bibi yangu, bila kwenda shule, alikuwa amemtangulia mwalimu.

Mwaka huo Bibi alialikwa Malindi kwenye arusi ya binti wa ndugu yake, aende akae siku tano. Asubuhi ya safari, mkoba umeshafungwa, aliniita mbele ya mtungi.

"Njoo hapa, mwanangu," alisema. "Mamako ana kazi zake shuleni, na babako hajui hata kata hukamatwa vipi. Nakuwachia wewe mtungi. Usinitie aibu."

Kuachiwa mtungi! Nilitembea siku hiyo kifua mbele, nikamwamrisha ndugu yangu Athman, aliyekuwa na miaka minne, aombe ruhusa kabla ya kunywa. Alikuwa akija na kikombe chake chekundu, anasimama wima, anasema, "Bi mkubwa, naomba maji." Nami namtekea, namwambia asimwage. Sijapata cheo kingine nilichokifurahia hivyo, na nimepata vyeo kadhaa.

Siku ya tatu mtungi ulikauka. Mama aliteleka sufuria kubwa ya maji asubuhi, lakini gari la shule lilikuwa limefika, akazima gesi. "Nikirudi nitayachemsha," akasema, akashika mlango. Nilirudi nyumbani mimi kabla yake, nikaitazama ile sufuria, nikaanza kufikiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kuyachemsha maji, kisha kukaa kutwa nzima kuyangoja yapoe yarudi vile vile yalivyokuwa! Niliona ni uvivu wa akili wa watu wazima. Mbona kazi yenyewe ilikuwa ya moshi? Nikawasha makaa, nikaupindua mtungi kwa shida, nikafukiza. Kwa kuwa nilikuwa mtu mwangalifu, nikafukiza mara ya pili. Mama aliporudi alikuta mtungi umejaa, ukumbi unanukia, na mimi nimekaa kando nimevaa leso ya Bibi.

"Maji vipi?" aliniuliza.

"Tayari, Mama."

"Umeyachemsha mwenyewe? Mashallah! Umekuwa mwanamke."

Nilisikia swali, lakini nilisikia zaidi ile sifa, nikatabasamu tu. Wallahi sikuona kwamba nasema uongo. Maji yalikuwa tayari.

Bibi alirudi Jumamosi na halua, na Jumapili Athman akaanza kutapika. Kufikia jioni alikuwa hasimami. Bwana Mutua, mpangaji wetu wa chini, mtu wa Ukambani aliyekuwa akifanya kazi bandarini, ndiye aliyembeba mikononi akakimbia naye mpaka penye gari, viatu vyake kavisahau mlangoni. Athman alilazwa siku tatu, sindano ya maji imefungwa mkononi kwa plasta. Mimi pia tumbo lilinikata siku moja, nikanyamaza, maana nilidhani ni halua. Daktari aliuliza wanakunywa maji gani huko nyumbani. Mama akaeleza mtungi, akaeleza kata, na daktari akatikisa kichwa, akasema chombo kinachotumbukizwa kata na kila mkono ni rahisi kuingia uchafu.

Basi vita vikaanza, na lazima niseme ukweli: nilivifurahia mno. Athman alikuwa amerudi, anakula, anachokoza watu, na nyumba yetu ikageuka maonyesho ya maji. Baba alitangulia. Alipanda ngazi akihema, nyuma yake kijana kabeba chupa kubwa ya buluu, ile ya kupinduliwa juu ya mashine yenye vibomba viwili, kimoja cha maji baridi na kimoja cha moto. Ukibonyeza, chupa inagugumia na povu moja kubwa linapanda juu. Jamani, lile povu! Watoto wa kichochoro kizima walikuja kulitazama. Nikawapanga ngazini, kila mmoja zamu yake, mbonyezo mmoja na povu moja, na aliyebonyeza mara mbili nilimrudisha mwisho wa foleni. Chupa ya kwanza haikumaliza siku.

"Maji haya si ya kuchezea!" Baba alifoka, lakini nilimwona mwenyewe akibonyeza hali hana kiu.

Mama hakuyataka ya chupa. Alisema siku mashine ikiharibika au duka likifungwa tutakufa na kiu hali mfereji tunao. Yeye akanunua filta, ndoo mbili nyeupe zilizopandana, ya juu ina mishumaa miwili ya udongo ya kuchujia maji, ya chini ina kibomba. Fundi kutoka dukani alikuja kuifunga, nami nikachuchumaa karibu nisipitwe na kitu. Alipomaliza kukaza mishumaa nikamwuliza swali lililokuwa likinisumbua.

"Na hii mtaifukiza vipi? Mbona haipinduki?"

"Kuifukiza na nini?"

"Na ubani. Vijidudu vitoke."

Fundi alicheka mpaka akaweka spana chini. "Dada mdogo, ubani ni wa kunukia tu, hauui kitu. Vijidudu huuawa na moto, uyachemshe maji mpaka yaruke. Ama uyapitishe humu."

Mama akacheka naye. Nikacheka na mimi, kwa sauti kubwa kuliko wote. Niliona ile sufuria juu ya jiko lisilowashwa. Nilimwona Athman na kikombe chake chekundu, amesimama wima, ananiomba maji.

Ningesema siku ile ile. Lakini mtoto wa miaka tisa aliyeitwa mwanamke hataki kurudi kuitwa mtoto, na kila siku iliyopita ilizidi kunifunga mdomo. Nikajisemea kwamba Athman amepona na mambo yamekwisha. Hayakuwa yamekwisha, kwa sababu lawama ilikuwa imepata pa kukaa. Haikusemwa kwa maneno. Mama alikuwa na adabu zake, hakuwahi kumjibu Bibi vibaya hata siku moja. Ila Athman alipoinuka kwenda mtungini alimshika mkono akamgeuza kwenye filta, mbele ya Bibi. Bibi aliona, akaendelea kuchambua mchele.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Baba akaja na shauri. Alikuwa amechoka kuulizwa na kila mgeni anywe maji gani.

"Kesho Ijumaa baada ya chakula tutaonja," alisema. "Vikombe vitatu. Bwana Mutua atafungwa macho, yeye si wa upande wowote. Maji yatakayoshinda ndiyo yatakayobaki nyumba hii, na mengine yaondoke."

"Na mtungi ukishindwa?" Mama aliuliza.

"Tutapandia asumini."

Walimtazama Bibi. Bibi alisema, "Nyumba ni yenu. Fanyani muonavyo." Akajitandazia mswala wake, akaswali.

Usiku huo nililala nikipanga. Mtungi ukishinda, nilijiambia, hakuna atakayeulaumu tena, Bibi atabaki na kazi yake, na mimi sitalazimika kusema kitu. Na ungeshinda tu! Nani asiyependa maji yale? Hata hivyo nilitaka kuwa na uhakika. Mtiaji wa maji nilikuwa mimi. Kikombe cha Baba ningekichanganya na maji kidogo ya kile kibomba cha moto, na cha Mama vile vile, viwe vuguvugu, vya kuchefua. Nilijiona mjanja kweli kweli.

Ijumaa wanaume walirudi kutoka msikitini, tukala pilau, na Bwana Mutua akapanda ngazi kavaa shati la kanisani kwa heshima ya shughuli. Chumbani kila mtu alikaa mkekani. Mama alimfunga macho kwa leso, fundo nyuma, na Athman akaruka ruka mbele yake kuhakikisha haoni.

"Kwetu tunachimba mchanga wa mto mpaka maji yatokee," alisema Bwana Mutua, uso kauelekeza ukutani. "Ng'ombe anakunywa, na mimi nakunywa. Leo nimekuwa jaji wa maji! Mama yangu akisikia atacheka."

"Usipendelee," Baba alimwambia.

"Nitapendelea nini na sioni?"

Nikatoka na vikombe vyangu vitatu, nikaufunga mlango nyuma yangu, nikaanza kazi. Cha Baba nikakitia, na maji moto kidogo. Cha Mama nikakitia, na maji moto kidogo. Nikaufuata mtungi huku nikijizuia kucheka, nikaondoa kawa, nikatumbukiza kata kwa nguvu. Ikagonga chini.

Nikaingiza mkono. Mkavu. Nikaingiza kichwa, na humo ndani hamkunuka chochote, si ubani, si maji.

"Nimeyamwaga tangu Jumatano," alisema Bibi. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, nami sikumsikia akitoka chumbani. "Tia ya filta kwenye kikombe changu, mwanangu. Hawatajua."

"Kwa nini, Bibi?"

"Sitaki mtu anywe tena kwa mkono wangu. Nimemtia maradhi mtoto wa mwanangu." Akaitazama ile mikono yake, yenye hina ya arusi ya Malindi iliyokuwa imeanza kufifia. "Miaka yote hii nikidhani nawapa maji."

Sikujua kwamba alikuwa ameamini. Nilidhani watu wazima wanapolaumiana ni mchezo wao, kama Baba na Mama walivyogombania redio. Haikunijia hata mara moja kwamba Bibi, aliyejua kila kitu, angeweza kulala usiku akijiuliza yeye mwenyewe. Niliona aibu ambayo hadi leo nikiikumbuka nahisi joto la masikio.

Nikaufungua mlango wa chumba, kata mkononi.

"Ni mimi!" nikapiga kelele. "Si mtungi! Ni mimi, sikuyachemsha!"

"Maji yanakuja?" aliuliza Bwana Mutua, bado kafungwa macho.

Mama aliinuka polepole. "Uliniambia yako tayari."

"Yalikuwa tayari, Mama. Niliyafukiza mara mbili."

Nikaeleza yote, mwalimu wa sayansi, vijidudu, fundi wa filta, nikilia na kamasi zikinitoka. Nilipofika pale pa kufukiza mara mbili, Baba aligeuza uso dirishani na mabega yakamtikisika, na hata sasa sijui alikuwa akicheka au la. Bwana Mutua alijifungua leso mwenyewe, akaikunja vizuri, akaiweka mapajani. Nilingoja kofi. Mama mkono wake ulikuwa mwepesi, na safari hii nilikuwa nikilitaka hilo kofi.

Bibi alikuja nyuma yangu akanishika bega.

"Mwacheni," alisema. "Nilimwonyesha kufukiza tangu hajui kutembea. Moto sikumwambia ni wa nini. Wala yeye hakuuliza, wala mimi sikufikiri kama yafaa kuambiwa." Kisha akanivuta. "Twende jikoni."

Alinitelekesha sufuria kubwa, akaniwashisha gesi mwenyewe, akanisimamisha mbele yake. "Usiondoke hapa mpaka uyaone yaruka. Yakianza kuruka, yawache yaruke sana." Nikasimama. Mvuke ulinipiga usoni ukachanganyika na machozi. Yaliporuka tuliyaacha yaruke, kisha Bibi akayatua, akaiweka sufuria ndani ya beseni la maji ya kisima, nikapepea kwa kipepeo cha mkaa. Mikono iliniuma, nami sikuthubutu kupumzika. Alasiri ikaadhiniwa, tukaswali, tukarudi kupepea. Bibi akachuja kwa melimeli, akapindua mtungi juu ya chetezo, akaniambia nitupie ubani mimi. Moshi ukapanda kama siku zote.

Nilipochungulia chumbani sikuamini. Hakuna aliyeondoka. Pilau ile ilikuwa na chumvi na pilipili, joto la mchana lilikuwa kali, filta ilikuwa imejaa na mashine ya Baba ilikuwa pale pale na chupa yake, na hakuna aliyekuwa amekunywa. Bwana Mutua alikuwa akijilamba midomo. Athman aliinuka kwenda kubonyeza kibomba, Baba akamkalisha.

Maji yalipokuwa tayari kwa kweli, Bibi hakuita mtu. Alikaa kwenye kibao kando ya mtungi, mikono mapajani, kama mgeni kwenye nyumba ya watu. Mama akatoka chumbani na kikombe chekundu cha Athman. Akapiga magoti mbele yake pale sakafuni, na Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga magoti ovyo.

"Mama," alisema, "nitilie maji."

Bibi aliichukua kata. Maji yakamwagika kidogo mchangani, akateka tena, akajaza kikombe mpaka ukingoni. Mama akakitia mdomoni. Sote tulikuwa tumesimama mlangoni tukitazama, na Bibi hakumtazama Mama usoni. Alimtazama kooni, funda kwa funda, mpaka kikombe kikaisha.